Mwongozo kamili: kutengeneza huduma ya simu inayojirekebisha kulingana na mahali na hali ya mtumiaji

Simu haijui ilipo. Inakadiria tu, na kila kadirio lina duara lake la makosa na umri wake. Huduma nyingi za simu zinazowakera watu zimeanzia hapo: mwandishi wa programu alipewa kadirio akalichukua kama ukweli. Mwongozo huu unafuata kazi tangu kuamua unahitaji kujua nini hadi kuijaribu huduma barabarani. Ni kwa anayeandika programu mwenyewe na kwa anayesimamia wanaoiandika.

Mfano utakaotumika ni mmoja tu, ili hesabu zisielee hewani: huduma ya abiria wa basi. Inamwonyesha vituo vilivyo karibu naye, inamwambia basi lijalo litafika lini, na akishapanda inamwamsha kabla ya kituo chake. Ukiielewa hiyo, utaweza kuhamishia mambo yake kwenye huduma ya kusafirisha mizigo, ya dharura au ya hali ya hewa.

Hatua ya 1: Andika maamuzi kabla ya kuandika msimbo

Chukua karatasi, orodhesha kila uamuzi ambao programu itaufanya kwa kutumia mahali. Mbele ya kila uamuzi andika mambo matatu: usahihi unaotosha, umri wa juu wa kipimo, na kitakachofanyika kipimo kisipopatikana. Kwa huduma ya abiria, orodha inakuwa hivi:

- Kuchagua ratiba ya mji upi ipakuliwe: kilomita 5 hadi 10 zinatosha, kipimo cha saa moja iliyopita kinafaa. Kisipopatikana, mtumiaji achague mji kwenye orodha.
- Kuonyesha vituo vya karibu: mita 100, kipimo kisizidi dakika 2. Kisipopatikana, onyesha vituo alivyotumia mara ya mwisho na sehemu ya kuandika jina la kituo.
- Kujua abiria yuko upande upi wa barabara: mita 5 au chini ya hapo. Simu ya kawaida haiwezi kuahidi hilo katikati ya majengo, kwa hiyo usikisie. Onyesha pande zote mbili, kila upande na jina la mwisho wa safari, naye achague.
- Kumwamsha kabla ya kituo: mita 200 zinatosha, lakini kipimo kiwe cha sekunde chache zilizopita.

Tazama mstari wa mwisho. Hauhitaji usahihi mkubwa kuliko ule wa tatu, ila unahitaji kipimo kipya kabisa. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakawasha usahihi wa juu kabisa kila mahali, betri ikaisha mchana na programu ikafutwa.

Hatua ya 2: Vijue vyanzo na udhaifu wa kila kimoja

Setilaiti ndizo zinazotoa kipimo kizuri zaidi chini ya anga wazi, takriban mita 5 kwa simu ya kawaida. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 20,200, na simu inahitaji kusikia angalau 4 kwa wakati mmoja: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa ya simu yenyewe. Saa hiyo ni jambo zito, kwa sababu mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Simu nyingi za sasa husikiliza pia mifumo mingine ya setilaiti, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou, ndiyo maana hupata setilaiti za kutosha hata kipande cha anga kikiwa kimezibwa.

Kinachoiharibu ni kuta. Mawimbi yanapofika ardhini ni dhaifu mno. Paa la zege huyazima, na vioo vya majengo marefu huyadundisha hadi simu ikapima njia ndefu kuliko ilivyo kweli. Matokeo yake ni nukta inayoruka kutoka mtaa huu hadi ule mtumiaji akiwa amesimama. Tatizo la pili ni kuchelewa. Setilaiti ya GPS hutuma taarifa za njia yake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, kwa hiyo simu isiyo na msaada wa intaneti huhitaji kama sekunde 30 za kusikiliza bila kukatizwa ili ipate data ya setilaiti moja, na dakika 12.5 kupata kalenda ya setilaiti zote. Yenye intaneti hupakua taarifa hizo kwa sekunde chache. Kumbe simu iliyokaa siku nzima bila data haijaharibika ikichelewa kupata mahali. Inasubiri angani kile ambacho nyingine zimekipata mtandaoni.

Wi-Fi hufanya kazi ndani ya majengo. Simu husikiliza ruta zilizo jirani na kulinganisha namba zao na hifadhidata kubwa ya mahali zilipo. Hata bila kujiunga na ruta yoyote, kadirio linaweza kuwa la mita 20 hadi 40. Hukosea ruta inapohamishwa: mwenye ruta akihama mji, simu zilizo karibu naye zinaweza kudhani bado ziko mtaa wa zamani mpaka hifadhidata isahihishwe. Ruta iliyo ndani ya basi ni mtego wa aina hiyohiyo, na kwa huduma ya abiria ni mtego wa kila siku.

Minara ya simu hutoa kadirio la mita mia kadhaa mjini, na kilomita nyingi mahali ambapo minara imetawanyika. Ni nafuu kwa betri kwa sababu simu huzungumza na mnara hata hivyo.

Anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti, iwe ya mwisho. Mitandao mingi ya simu hupitisha data ya wateja wake kwenye milango michache, na mtu aliye mpakani anaweza kuonekana yuko mji mkuu. VPN, yaani huduma inayopitisha data yake kwenye seva ya mahali pengine, inaweza kumweka nchi nyingine kabisa. Itumie kukisia nchi kwenye ukurasa wa kwanza tu, na weka kitufe cha kubadilisha mahali panapoonekana.

Siku hizi huhitaji kuvichanganya vyanzo hivi mwenyewe. Mifumo ya simu ya Android na iOS (wa iPhone) hufanya hivyo, nawe unataja kiwango cha usahihi unachotaka. Kwenye Android kiwango cha kati hulenga takriban mita 100 na kile cha chini takriban kilomita 10. Cha juu ndicho kinachowasha setilaiti. Rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya 1, uchague kwa kila uamuzi peke yake.

Hatua ya 3: Omba ruhusa wakati sababu inaonekana

Usiombe mahali programu inapofunguliwa mara ya kwanza. Mtu ambaye hajaona huduma yako ikifanya chochote hana sababu ya kukukubalia, na kukataliwa kuna gharama: kwenye iOS dirisha la ombi huonekana mara moja tu, na kuanzia Android 11 (2020) mtumiaji akikataa mara mbili mfumo hauonyeshi tena ombi lako. Baada ya hapo njia pekee ni kumwelekeza kwenye mipangilio ya simu, na wengi hawafiki huko.

Fuata mpangilio huu:

1. Fungua programu ikiwa na sehemu ya kuandika jina la kituo. Ifanye kazi kikamilifu bila ruhusa yoyote.
2. Weka kitufe cha "Vituo vilivyo karibu nami". Mtumiaji akikibonyeza, omba ruhusa ya wakati programu inatumika. Kwenye Android 12 na kuendelea, omba ACCESS_FINE_LOCATION (mahali sahihi) na ACCESS_COARSE_LOCATION (mahali pa takriban) kwa pamoja, kwa sababu ukiomba ya kwanza peke yake mfumo unaweza kulipuuza ombi. Kwenye iOS andika sentensi ya sababu chini ya NSLocationWhenInUseUsageDescription. Ukiisahau, dirisha halitokei na hutaona kosa lolote kwenye skrini.
3. Ruhusa ya kutumia mahali programu ikiwa imefungwa iombe baadaye kabisa, pale tu inapohitajika, tena baada ya ukurasa mfupi unaoeleza kwa nini. Tangu Android 10 (2019) ni ruhusa ya pekee yake, na tangu Android 11 hutolewa ndani ya mipangilio.

Sehemu inayosahaulika ni mahali pa takriban. Tangu iOS 14 (2020) na Android 12 (2021) mtumiaji anaweza kukuruhusu huku akizuia usahihi. Android humpa programu eneo la kama kilomita 3 za mraba. Programu isiyojua hilo itachukua kitovu cha eneo hilo na kumwambia abiria "kituo kiko mita 40 kutoka ulipo", jambo ambalo si kweli hata kidogo. Jaribu hali zote tatu kila unapotoa toleo jipya: ruhusa kamili, ruhusa ya takriban, na kukataliwa. Kwa ruhusa ya takriban, onyesha ramani ya mtaa na vituo vyake bila kutaja umbali wa mita.

Hatua ya 4: Soma kipimo kwa mashaka

Kila kipimo huja na latitudo, longitudo, usahihi kwa mita na muda kilipochukuliwa. Wengi husoma namba mbili za kwanza wakatupa zilizobaki. Kabla ya kukitumia kipimo, kipitishe kwenye maswali haya.

Kina umri gani? Mfumo mara nyingi hukupa haraka mahali pa mwisho palipojulikana, na pengine ni pa jana. Linganisha muda wake na sasa. Kama kimepita kikomo ulichoandika kwenye karatasi, kionyeshe kwa rangi hafifu huku ukisubiri kipya, au usikionyeshe kabisa.

Duara lake lina ukubwa gani? Kwenye Android namba ya usahihi ni nusu kipenyo cha duara ambalo mtumiaji ana uwezekano wa asilimia 68 kuwa ndani yake. Maana yake, takriban mara moja kati ya tatu yuko nje. Usahihi ukisema mita 60 na vituo viwili vimeachana mita 50, huna haki ya kuchagua kimoja.

Ni 0, 0? Nukta hiyo iko baharini, Ghuba ya Guinea, na karibu kila mara inamaanisha namba haikujazwa. Ikatae.

Mpangilio wa namba ni upi? Muundo wa GeoJSON huandika longitudo kwanza, latitudo baadaye, ilhali maktaba nyingi za ramani huanza na latitudo. Zikigeuzwa, vituo vyako vyote vitahamia bara jingine, na hilo utaliona. Hatari zaidi ni mahali ambapo namba hizo mbili zinakaribiana: vituo vitahama kilomita chache tu na hakuna atakayeona.

Kuna mruko? Gawanya umbali kati ya kipimo hiki na kilichopita kwa sekunde zilizopita. Ukipata mita 50 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 180 kwa saa, abiria wa basi hakusafiri hivyo. Kitupe kipimo hicho. Vikija vitatu mfululizo vinavyokubaliana mahali papya, basi cha zamani ndicho kilichokuwa kibaya. Bila sheria hii ya vitatu, programu inaweza kung'ang'ania kosa la kwanza na kukataa ukweli wote unaofuata.

Kuhusu kutafuta vituo vya karibu: usihesabu umbali hadi kila kituo. Kwanza kata mraba kuzunguka mtumiaji. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 popote, lakini ya longitudo hupungua kadiri unavyoenda mbali na ikweta, na kwenye latitudo ya 60 imebaki nusu. Zidisha kwa kosaini ya latitudo, vinginevyo mraba wako utakuwa mwembamba na vituo vya mashariki na magharibi vitakosekana. Kwa vilivyobaki ndani ya mraba, tumia fomula ya haversine, inayopima umbali juu ya uso wa tufe, na nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371. Ukitumia geohash kwenye seva, yaani mbinu ya kuigawa ramani kuwa vyumba na kukipa kila chumba jina la herufi na tarakimu, tafuta pia kwenye vyumba 8 vinavyozunguka chumba cha mtumiaji. Vituo viwili vilivyoachana mita 10 vinaweza kuwa na herufi tofauti kabisa kama mpaka umepita katikati yao.

Hatua ya 5: Uzio wa kidijitali, na mahali unaposhindwa

Uzio ni duara unaloliandikisha kwenye mfumo wa simu. Mtumiaji akiingia au kutoka, mfumo unaiamsha programu yako. Ni nafuu kwa betri kwa sababu mfumo ndio unaofuatilia. Una mipaka yake: Android huruhusu maeneo 100 ya uzio kwa kila programu, iOS huruhusu 20. Kama una vituo elfu tano, andikisha vilivyo karibu tu, kisha weka uzio mkubwa kuzunguka vyote; mtumiaji akitoka kwenye ule mkubwa, futa na uandikishe upya.

Nusu kipenyo kisipungue mita 100 hadi 150. Kidogo kuliko hapo humezwa na makosa ya kipimo, na mtumiaji aliyeketi nyumbani huonekana akiingia na kutoka usiku kucha. Tumia mbinu ya milango miwili: hesabu ameingia akiwa ndani ya mita 150, lakini usihesabu ametoka mpaka apite mita 220. Pia uombe tukio la kukaa, yaani abaki ndani kwa dakika 2 au 3 kabla hujamtumia arifa. Anayepita tu kwa gari hahitaji ratiba ya kituo hicho. Na simu ikizimwa na kuwashwa, kwenye Android uzio wako umefutika. Andikisha tena programu inapopokea taarifa ya kuwaka kwa simu.

Sasa lile jambo la kumwamsha abiria, ambalo ndilo gumu kuliko yote hapa. Wengi huweka uzio wa mita 150 kwenye kituo chake wakadhani kazi imekwisha. Piga hesabu. Basi likienda kilomita 60 kwa saa hukata mita 16.7 kwa sekunde, kwa hiyo hupita kipenyo chote cha mita 300 kwa sekunde 18. Programu ikiwa nyuma, Android huangalia uzio kwa wastani wa dakika 2 hadi 3, na simu ikiwa imetulia mapengo huwa marefu zaidi. Katika dakika 2 basi limekwenda kilomita 2. Abiria ataamshwa akiwa ameshapitwa, au hataamshwa kabisa.

Njia inayofanya kazi ni hii:

1. Abiria akibonyeza "Niamshe", anzisha huduma ya mbele, ile yenye arifa ya kudumu inayoonekana. Kwenye iOS washa hali ya mahali kwa programu iliyo nyuma. Usitegemee huduma yake ya mabadiliko makubwa, maana hiyo husubiri mtu asogee kama mita 500 na si ya kutegemewa zaidi ya mara moja kila dakika 5.
2. Pata kipimo kimoja, pima umbali uliobaki hadi kituo.
3. Gawanya umbali huo kwa kasi ya juu inayowezekana ya basi, kisha chukua nusu ya jibu. Zimebaki kilomita 12 na basi haliwezi kuzidi 80 kwa saa? Haliwezi kufika kabla ya dakika 9, kwa hiyo kipimo kijacho kiwe baada ya dakika 4 na nusu.
4. Rudia. Mapengo yatapungua yenyewe kadiri kituo kinavyokaribia. Umbali ukishuka chini ya kilomita 1.5, pima kila sekunde 3 hadi 5.
5. Piga kengele ikiwa imebaki dakika moja na nusu kwa kasi ya sasa, au mita 400, chochote kitakachotangulia. Ongeza duara la makosa kwenye umbali huo: usahihi ukiwa mita 100, mita 400 ziwe 500.
6. Kipimo kikikosekana, mathalani basi limeingia handakini, endelea kuhesabu kwa kasi ya mwisho. Ukifika muda uliokadiriwa bila kipimo kipya, amsha. Kuamshwa mapema ni usumbufu. Kuamshwa kwa kuchelewa ni safari ya kurudi.

Kengele yenyewe ipite kwenye sauti ya saa ya kuamsha, isipite kwenye ile ya arifa ambayo wengi wameizima, na iambatane na mtetemo. Arifa ya kudumu iandike umbali uliobaki. Hiyo humtuliza abiria, na humwambia mapema kama kipimo kimekwama.

Hatua ya 6: Hali ya mtumiaji

Mahali ni nusu ya habari. Mtu aliye kwenye kituo kilekile anaweza kuwa amesimama na bando la kutosha, au anakimbilia basi na betri imebaki asilimia 6. Huduma iwajibu watu hawa wawili tofauti.

*Mtandao.* Uliza mfumo kama muunganisho unalipiwa kwa kipimo. Usidhani kila Wi-Fi ni ya bure, kwa sababu huenda inatoka kwenye simu ya jirani. Wala usidhani kuunganishwa ni kuwa na intaneti. Wi-Fi ya umma mara nyingi husubiri mtumiaji akubali masharti kwanza, na ombi lako linaning'inia. Weka kikomo cha sekunde 5. Likipita, onyesha ratiba iliyohifadhiwa ndani ya simu pamoja na saa ilipopakuliwa. Kurudia ombi kuwe kwa mapengo ya sekunde 1, 2, 4, 8, ukiongeza kiasi cha kubahatisha kwenye kila pengo. Bila kiasi hicho cha kubahatisha, basi likitoka handakini simu zote zilizomo zitaigonga seva yako kwa sekunde ileile.

Kuhifadhi vituo ndani ya simu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Namba ya kituo baiti 4, latitudo na longitudo baiti 4 kila moja zikiandikwa kama namba kamili zilizozidishwa kwa milioni 10, jina kama baiti 30. Jumla baiti 42. Vituo 5,000 ni takriban kilobaiti 210, pungufu ya picha moja ya kamera. Hakuna sababu ya huduma ya abiria kuonyesha skrini nyeupe kwa kukosa mtandao.

*Betri.* Soma hali ya kuokoa betri ambayo mtumiaji ameiwasha, uiheshimu kuliko asilimia unazozikisia wewe. Ikiwa imewashwa, acha ramani inayosogea, onyesha orodha ya maandishi, na upime mahali kwa kubonyezwa tu. Kengele ya kumwamsha usiizime kimya kimya. Mwambie abiria kwamba mapengo yameongezwa na ataamshwa mapema zaidi. Jua pia kwamba tangu Android 6 (2015) simu iliyolala mezani huahirisha kazi za programu, na baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza ukali wao juu ya huo. Programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenye simu moja inaweza kuuawa na nyingine baada ya skrini kuzimika. Ndiyo sababu ya huduma ya mbele.

*Mwendo.* Simu inaweza kukisia kwa vihisi vyake kama mtu ametulia, anatembea, anakimbia, yuko kwenye baiskeli au garini, na kwenye Android hutoa kila kisio na alama ya uhakika kati ya 0 na 100. Tenda tu ikiwa alama imepita 75 na kisio kimerudiwa. Gari lililosimama kwenye foleni huonekana kama mtu ametulia, hivyo usihitimishe kwamba abiria ameshuka mpaka uone anatembea na umbali wake kutoka barabara ya basi unaongezeka. Kwa anayetembea au kukimbia, punguza maandishi: jina la kituo, dakika, mshale. Vitufe viwe na upana wa angalau vipimo vya skrini (dp) 48 kwenye Android au pointi 44 kwenye iOS, takriban milimita 9 kwenye Android. Mkono mwingine huenda umeshika mzigo.

*Mwanga.* Jua kali hufikia laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), na chumba cha ofisi ni mia chache. Kuongeza mwangaza ni kazi ya simu. Yako ni tofauti ya rangi kati ya maandishi na mandhari. Uwiano wa 4.5 kwa 1 ndio wa chini kwa maandishi ya kawaida, lakini kwa huduma inayosomwa nje lenga 7 kwa 1. Kijivu hafifu kinachopendeza kwenye kompyuta ya mbunifu hakisomeki kituoni saa sita mchana.

*Saa na lugha.* Hapa sheria ni mbili. Lugha ichukuliwe kwenye mipangilio ya simu na kamwe isichukuliwe kwenye mahali: mgeni aliyevuka mpaka hajajifunza lugha mpya kwa kuvuka. Saa za basi ziandikwe kwa majira ya kituo, si ya simu. Hifadhi jina la ukanda wa saa, kama Asia/Kathmandu, badala ya tofauti ya saa peke yake, kwa sababu tofauti si lazima iwe saa kamili (huko ni 5:45) na nchi nyingine huibadilisha mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 7: Mpe mtumiaji neno la mwisho

Kila kisio kionekane na kibadilike kwa kubonyeza mara moja. "Uko karibu na Kituo cha 4. Si hapo?" inatosha. Akikisahihisha, mahali alipochagua yeye pashinde vipimo vya simu mpaka asogee, tuseme mita 300, au ipite nusu saa. Programu inayorudisha kosa lake sekunde kumi baada ya kusahihishwa ni mbaya kuliko isiyokisia kabisa.

Usibadilishe mpangilio wa skrini mtu akiwa ameitazama. Orodha ya vituo ikijipanga upya kila kipimo kinapofika, kidole kitatua kwenye kituo kingine. Panga programu inapofunguliwa, kisha subiri avute kusasisha.

Hatua ya 8: Punguza unachokusanya

Kuondoa jina hakuifichi njia ya mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya data ya simu za watu milioni 1.5 ulionyesha kuwa nukta nne za mahali na saa zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Na mwaka 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya mazoezi iliyochapishwa na Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilionyesha wazi njia za ndani ya kambi za kijeshi ingawa haikuwa na jina la mtu.

Kwa hiyo kokotoa ndani ya simu kila kinachowezekana. Kwa huduma ya abiria, vituo vikiwa tayari vimehifadhiwa, seva haihitaji kujua mtumiaji yuko wapi; inahitaji kujua ameuliza kituo kipi. Kama ni lazima utume mahali, punguza desimali kwanza: tatu ni takriban mita 110, mbili ni kilomita 1.1. Usiweke latitudo na longitudo kwenye anwani ya ombi, kwa maana anwani huandikwa kwenye kumbukumbu za seva na za kila mtambo wa katikati; ziweke ndani ya mwili wa ombi. Kagua pia ripoti za programu kuanguka, ambako mahali pa watu hukusanyika bila mtu yeyote kukusudia.

Hatua ya 9: Jaribu kwa uongo, kisha kwa miguu

Mezani, tumia kiigizaji cha simu na faili la GPX (muundo wa kuhifadhi nukta za safari) lenye njia ya basi. Icheze kwa kasi ya kawaida, kisha tengeneza matoleo yaliyoharibiwa kwa makusudi: moja lenye pengo la dakika 4, moja lenye nukta inayoruka kilomita 2 na kurudi, moja ambalo usahihi wake ni mita 500 muda wote, na moja linaloanza na 0, 0. Kengele inapaswa kulia kabla ya kituo katika yote ambayo yana kipimo chochote kinachoaminika.

Nje, tembea na simu mbili, mojawapo iwe ya bei ya chini na ya miaka michache. Moja iwe mfukoni na skrini imezimwa, nyingine mkononi. Panda basi mara tatu: na data, bila data tangu mwanzo, na data ikizimwa katikati ya safari. Andika umbali uliokuwa umebaki kengele ilipolia kila mara. Kama simu ya mfukoni ililia umbali mfupi sana kuliko ya mkononi, mfumo unakata kazi zako skrini inapozimika. Rudi kwenye hatua ya 5 namba 1 uhakikishe huduma ya mbele ilikuwa hai muda wote. Kama zote mbili zilichelewa kwa kiasi kilekile, kosa liko kwenye kasi ya juu uliyoikadiria katika namba 3.